Bei ya Kulewa

Kila mwezi Juni, mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wanaposoma bajeti, pombe hupata sentensi mbili tatu katika hotuba nzima. Ushuru wa bia umepanda kwa kiasi hiki, wa pombe kali kwa kiasi kile, na kesho yake magazeti yanachapisha bei mpya ya chupa. Wanywaji hulalamika, viongozi wa dini hupongeza, kampuni za bia huonya kwamba ajira zitapotea, na mjadala hufungwa mpaka Juni nyingine. Katika kelele zote hizo kuna swali moja lisiloulizwa: kwa bei hizi mpya, mtu aliyekusudia kulewa leo jioni atafikishwa huko na kinywaji gani kwa fedha kidogo zaidi? Ninashikilia kwamba hilo ndilo swali kuu la uchumi wa pombe katika nchi zetu, na kwamba kwa miaka mingi sheria za kodi zimelijibu vibaya. Zimeubebesha ulevi wa bia mzigo mkubwa na ulevi wa pombe kali mzigo mdogo, kisha tunashangaa kuona vijana wasiokunywa kila siku, lakini siku wakinywa wanazimika.

Anayekunywa huamua mambo matatu, hata kama hayapangi hivyo kichwani: kama atakunywa kabisa, atakunywa mara ngapi kwa wiki, na akishakaa atakunywa kiasi gani. Takwimu za mauzo huyachanganya yote matatu katika hesabu moja ya lita. Mtu anayekunywa bia moja kila jioni na yule anayekunywa bia saba Jumamosi usiku wamenunua bia saba kila mmoja. Kiwandani ni mauzo yaleyale, na kwa mamlaka ya mapato ni ushuru uleule. Barabarani, nyumbani na kwenye wodi ya majeruhi, hao ni watu wawili tofauti kabisa, kwa sababu madhara ya pombe hayaongezeki sawasawa kwa kila chupa. Chupa ya sita huongeza hatari ya ajali na ugomvi kuliko ilivyoongeza ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu kuwa ni unywaji mzito pale mtu anapokunywa gramu 60 au zaidi za kilevi halisi kwa mkao mmoja, walau mara moja kwa mwezi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu zipatazo 20, kwa hiyo mpaka huo uko kwenye chupa ya tatu. Sisemi kwamba bia moja kila jioni ni dawa. WHO ilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na mazoea ya kila siku ndiyo yanayozaa uraibu na kuchangia saratani. Ninachosema ni kwamba madhara yanayomwangukia mtu asiyekunywa, yaani mke, mtoto, abiria, mpita njia, hutegemea zaidi kiasi kilichonywewa usiku mmoja kuliko idadi ya siku za kunywa.

Wastani wa taifa hutuficha jambo hilo. Ripoti ya WHO ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mwaka 2016 Uganda ilikunywa lita 9.5 za kilevi halisi kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea, Tanzania lita 9.4 na Kenya lita 3.4, wakati wastani wa dunia ulikuwa lita 6.4. Anayesoma namba hizo haraka atadhani Mtanzania wa kawaida anakunywa mara kwa mara. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya watu wazima wa ukanda huu hawagusi pombe, kwa imani, kwa malezi au kwa kukosa fedha. Huwezi kuwahesabu waumini wa Zanzibar, Tanga na Mombasa, Wasabato na Wapentekoste wa bara, na mamilioni ya wanawake wa vijijini kana kwamba wana sehemu yao katika lita hizo. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba katika kanda ya Afrika ni karibu theluthi moja tu ya watu wazima waliokuwa wamekunywa katika miezi 12 iliyopita, ilhali katika kanda ya Ulaya walikuwa karibu sita kwa kila kumi. Hata hivyo, ukiwatoa wasiokunywa, mnywaji wa Afrika alimeza zaidi ya lita 18 za kilevi kwa mwaka, akampita mnywaji wa Ulaya aliyemeza zaidi kidogo ya 17. Kwetu, basi, wanywaji ni wachache na wanakunywa sana. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, taasisi ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliwakuta Wakenya wanaokunywa kuwa takribani 12 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Sera inayolenga kupunguza idadi ya wanywaji inapigana na watu ambao wengi wao hawapo. Penye kazi ni kwenye kiasi.

Kiasi hicho kimebadilika kwa sababu kinywaji chenyewe kimebadilika. Pombe za asili za ukanda huu, mbege ya Kilimanjaro inayotengenezwa kwa ndizi na ulezi, ulanzi wa Iringa, busaa ya magharibi mwa Kenya, mnazi wa pwani, zina kilevi kidogo, na nyingi huchacha upesi, hivyo hazihifadhiki. Tuchukue busaa yenye asilimia 4. Ili kufikia zile gramu 60, mtu anahitaji karibu lita 2. Tumbo hujaa, saa zinapita, watu wanazungumza, kibuyu kinaisha. Mwanauchumi anapohesabu gharama ya kitu haishii kwenye fedha zilizotoka mfukoni. Anaongeza muda na usumbufu, na katika pombe za kuchachusha muda na ujazo vilikuwa sehemu kubwa ya bei ya kulewa. Wazee wetu walilewa, tusiwapambe kwa sifa zisizo zao, lakini kulewa kuliwagharimu alasiri nzima. Kukeneka pombe kumeiondoa gharama hiyo. Chang'aa, gongo na waragi hufanya kwa dakika kumi kazi iliyokuwa ya saa nne, na viwanda vya kisasa vimeongeza juu ya hapo chupa ndogo, usafiri wa uhakika na duka kila kona.

Hapo ndipo kodi ilipotakiwa kurudisha uwiano, nayo ikafanya kinyume. Kenya inafaa kuwa mfano, kwa sababu viwango vyake viko wazi na hesabu yake haina maficho. Mpaka karibu na mwisho wa mwaka 2024, bia ilitozwa ushuru wa shilingi 142.44 kwa lita na pombe kali shilingi 356.42 kwa lita. Kwa kutazama tu, pombe kali inaonekana kuadhibiwa mara mbili na nusu zaidi. Sasa gawanya kwa kilevi kilichomo. Lita ya bia ya asilimia 5 ina sentilita 5 za kilevi halisi, hivyo kila sentilita ililipiwa karibu shilingi 28.50. Lita ya pombe kali ya asilimia 40 ina sentilita 40, na kila moja ililipiwa chini ya shilingi 9. Serikali ilikuwa inautoza ulevi wa bia zaidi ya mara tatu ya ulevi wa pombe kali. Desemba 2024 Bunge lilibadili kipimo, likaanza kutoza kwa sentilita ya kilevi halisi badala ya lita ya kinywaji. Ni hatua kubwa na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila viwango vilivyowekwa ni shilingi 22.50 kwa bia na shilingi 10 kwa pombe kali. Kipimo kimerekebishwa na upendeleo umebaki. Kwa mwenye kiu ya kulewa, bia tatu zinabeba ushuru wa karibu shilingi 169, ilhali robo moja ya pombe kali, mililita 250, inabeba shilingi 100 na ina gramu 79 za kilevi, sawa na bia nne. Tanzania nayo hutoza kwa lita ya kinywaji, na anayetaka kujua mambo yalivyo huko anaweza kurudia hesabu hiyohiyo kwa jedwali la ushuru la mwaka wowote.

Robo hiyo inastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu ni zao la sheria. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilikataza vifungashio vya chini ya mililita 250. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kutangaza hatua hiyo wiki mbili hivi kabla, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Nia ilikuwa njema na faida ilikuwepo. Kiroba kiliuzwa kwa fedha ya mtoto wa shule, kilifichika kwenye soksi, kilinyweka ndani ya daladala. Kuking'oa kulikuwa sahihi. Lakini kiroba cha mililita 50 kilikuwa na gramu 15 hivi za kilevi, pungufu ya bia moja, na chupa ndogo ya mililita 200 iliyochukua nafasi yake, ikiwa na asilimia 35, ina gramu 55. Sheria ilipandisha kiingilio, ambacho humzuia mtoto na asiye na fedha, na papo hapo ikakikuza kipimo kidogo kuliko vyote mpaka kikakaribia mstari wa unywaji mzito wa WHO. Mtu aliyefungua chupa ya plastiki na kulipia yote hairudishi rafuni. Ndiyo maana marufuku ya kifungashio, ikisimama peke yake bila bei inayofuata kilevi, hupunguza mara za kunywa na kuacha kiasi cha kila mara kiende kinakotaka.

Utafiti wa bei na pombe ni mwingi, na mara nyingi hunukuliwa nusu. Mwaka 2009 Alexander Wagenaar na wenzake walikusanya tafiti 112 zenye makadirio zaidi ya elfu moja, wakaona kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, unywaji wa bia hupungua kwa karibu asilimia 4.6, wa mvinyo kwa 6.9 na wa pombe kali kwa 8. Wanaharakati wa afya huishia hapo. Tafiti hizohizo zilionyesha kwamba unywaji mzito hupungua kwa asilimia 2.8 tu. Kabla yao, mwaka 1995, Willard Manning na wenzake walikuwa wameona katika takwimu za Marekani kwamba anayejibu bei zaidi ni mnywaji wa kati, na kwamba wale walioko kileleni kabisa karibu hawatikisiki. Tofauti hiyo inaeleweka. Bei ya jumla inapopanda, mnywaji wa kiasi huacha siku moja ya kunywa katika wiki, wakati mnywaji mzito huacha chapa ya ghali na kuhamia ya rahisi. Utafiti uliofanywa Uswidi na Paul Gruenewald na wenzake ulithibitisha mwenendo huo kutoka kwenye vitabu vya mauzo: bei zikipanda, wanunuzi hushuka ngazi ya ubora kabla ya kupunguza ujazo. Kodi ya asilimia fulani juu ya kila kitu inapunguza mara za kunywa za watu ambao hawakuwa tatizo, na kuwasukuma wenye tatizo kuelekea chini ya rafu. Anayetaka kugusa kiasi anapaswa kugusa chini ya rafu kwenyewe.

Hapa mtu atasema: kama mnywaji mzito hatikisiki, basi bei haina maana kwake, tumwachie daktari na mchungaji. Pingamizi hili lina nguvu zaidi ya mengine, na linajibiwa na takwimu za vifo. Machi 2004 Finland ilipunguza ushuru wa pombe kwa theluthi moja kwa wastani. Vifo vitokanavyo na pombe viliongezeka kwa asilimia 16 kwa wanaume na 31 kwa wanawake, na mzigo ukawaelemea hasa wasio na kazi na wenye kipato cha chini. Philip Cook na George Tauchen walikuwa wameonyesha mwaka 1982, kwa takwimu za majimbo ya Marekani, kwamba ushuru wa pombe kali ukipanda, vifo vya ini kusinyaa hupungua upesi. Hafi kwa ini kusinyaa mtu aliyekunywa bia mbili za harusi. Hao ndio walioko kileleni, na ni wazi kwamba wanatikisika. Asilimia 2.8 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke inatolewa kwenye nini. Cook huyo alikadiria kwamba sehemu ya kumi ya Wamarekani wanaokunywa zaidi humeza zaidi ya nusu ya pombe yote ya nchi hiyo, wastani wa vinywaji kumi kwa siku. Punguzo dogo kwenye mlima kama huo ni kilevi kingi, na linatolewa mahali ambapo kila gramu ina madhara makubwa zaidi.

Scotland imetoa ushahidi ulio karibu zaidi na ninachokipendekeza. Bunge lake lilipitisha mwaka 2012 sheria ya kima cha chini cha bei kinachofuata kilevi, watengenezaji wa wiski wakaipinga mahakamani kwa miaka mitano, na Mei 1, 2018 ikaanza: hakuna kinywaji kuuzwa chini ya peni 50 kwa kila mililita 10 za kilevi halisi. Wiski nzuri haikuguswa, kwa kuwa tayari ilikuwa ghali zaidi ya hapo. Iliyoguswa ni sida kali (pombe ya tufaha) ya chupa kubwa za plastiki na vodka ya bei ya kutupa. Tathmini ya mwaka 2023, iliyotumia England kama kipimo cha kulinganishia, ilikadiria kwamba mauzo ya kilevi yalipungua kwa asilimia 3, na vifo vinavyosababishwa na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4 ukilinganisha na ambavyo vingekuwa. Tofauti kati ya 3 na 13.4 ndiyo hoja yangu yote. Punguzo dogo la jumla lilikaa mahali palepale penye unywaji mzito. Wapinzani husema, na ni kweli, kwamba idadi halisi ya vifo nchini humo ilipanda baada ya janga la korona; lakini England ilipanda kwa kasi zaidi, na hilo ndilo tathmini ilipima. Kasoro moja siwezi kuipuuza: baadhi ya waraibu maskini walipunguza chakula ili waendelee kununua pombe. Kwa mtu huyo bei peke yake ni ukatili, na nchi isiyokuwa na vitanda vya matibabu ya uraibu haina haki ya kumpandishia bei na kumwacha. Scotland yenyewe ilipima faida na hasara, ikapandisha kima hicho hadi peni 65 Septemba 2024.

Sasa tuje kwenye pingamizi linalosikika zaidi kwetu, kwamba Scotland haina chang'aa. Ripoti ile ya WHO ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba robo ya pombe yote duniani haikuwemo kwenye vitabu vya serikali yoyote, na Afrika Mashariki ina sehemu yake kubwa. Ukipandisha bei ya halali, wanasema, umemfungulia mlango mpikaji wa haramu. Historia ya bia ya keg nchini Kenya inalipa pingamizi hili uzito, na pia inaonyesha ukomo wake. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa duni ya Nairobi, na mwaka 2005 watu takribani 50 wakafa Machakos. Katikati ya misiba hiyo, mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza Senator Keg, bia ya pipa isiyo na gharama ya chupa, na serikali ikaisamehe ushuru kwa makusudi ya kuwavuta wanywaji maskini kutoka kwenye chang'aa. Walivutika. Mwaka 2013 Hazina ilipohitaji mapato, nafuu ilikatwa kwa nusu, bei ya glasi ikaruka, mauzo yakaanguka kwa zaidi ya nusu, na wakulima wa mtama waliokuwa na mikataba wakabaki na magunia. Mwaka uliofuata, Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli katika kaunti za Embu, Kiambu na nyinginezo. Mwaka 2015 nafuu ikarudishwa, safari hii asilimia 90. Sidai kwamba ushuru ule uliua watu wale. Aliyeua ni aliyemimina methanoli. Lakini ushuru uliwaondolea maelfu ya watu kinywaji cha halali walichokimudu, na waliobaki wakiwasubiri ni wauzaji wa sumu.

Funzo la keg mara nyingi husomwa kama onyo dhidi ya kodi yoyote ya pombe. Mimi nalisoma kama onyo dhidi ya kodi isiyotofautisha. Kilichopandishwa bei mwaka 2013 kilikuwa bia ya halali ya bei nafuu, huku pombe kali za viwandani za bei nafuu zikiachwa. Mpangilio wa bei ukapinduka: kulewa kwa bia kukawa ghali, kulewa kwa pombe kali kukabaki rahisi. Mtu anayekimbia haramu anahitaji mahali halali pa kukimbilia, na mahali hapo panapaswa kuwa na kilevi kidogo. Ukiiacha bia nyepesi na pombe za asili zilizosajiliwa zibaki chini kabisa ya ngazi ya bei, unaweza kuinua sakafu ya pombe kali bila kumtupa mnywaji kwa mpikaji wa kichakani. Sheria ya 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa ikitegemea kwamba wapikaji wataingia kwenye leseni na viwango. Masharti yalikuwa mazito kiasi kwamba wengi wao, wanawake wanaosomesha watoto kwa sufuria na pipa, walibaki nje. Bado polisi wanamwaga mapipa, bado hongo inapita, na Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Kumsajili mama wa busaa kwa ada anayoimudu kungeokoa watu zaidi ya operesheni kumi.

Wapo wanaosema kodi hii itamkandamiza maskini. Wengi wa maskini wetu hawanywi, na hao hawatalipa kitu. Watakachopata ni mshahara unaofika nyumbani. Wala si kweli kwamba maskini akipewa fedha huzinywa. David Evans na Anna Popova walipitia tafiti 19 za ruzuku za fedha kwa kaya maskini katika nchi mbalimbali na hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku. Jaribio la kugawa fedha kwa kaya maskini lililofanyika Rarieda, magharibi mwa Kenya, lilitoa jibu hilohilo. Maskini wanaokunywa sana ni sehemu ndogo ya maskini, na sehemu hiyo hulipia ulevi wake kwa afya kuliko tajiri anayekunywa kiasi kilekile. Kampuni nazo zitasema juu ya ajira, kama kawaida. Shayiri, mtama, magari ya usambazaji na baa viko kwenye bia kuliko pombe kali, hivyo mfumo unaoipendelea bia nyepesi hauna uadui na mkulima.

Nimezungumza bei tu mpaka sasa, na wakati wa kunywa una uzito wake. Huko Chennai, India, Frank Schilbach alifanya jaribio na madereva 229 wa riksho za baiskeli. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa fedha kwa kufika mchana wakiwa hawajalewa. Jumla ya pombe waliyokunywa haikubadilika sana, ila waliisogeza mpaka jioni. Mapato yao hayakupanda kwa kiwango cha kuonekana, lakini akiba yao iliongezeka kwa asilimia 50. Na wengi wao walikuwa tayari kuachia fedha za bure ili tu wawekewe masharti ya kuwazuia kunywa mchana. Matokeo haya, kwangu, yanamaliza ubishi kwamba mlevi anafanya anachokipenda na aachwe. Mtu anayelipa ili azuiwe ametuambia mwenyewe anataka nini. Ndiyo sababu ninaitetea sheria iliyozoeleka Kenya kwa jina la John Mututho, mbunge wa zamani wa Naivasha, iliyofungua baa saa 11 jioni siku za kazi. Udhaifu wake ni kwamba duka la pombe kali la mtaani halikufungwa kwa ukali uleule, na askari aliyepaswa kuisimamia mara nyingi huifanya kitega uchumi.

Kinachotakiwa hakihitaji tume wala semina. Ushuru wa vinywaji vyote utozwe kwa kilevi halisi, na kiwango cha pombe kali kisiwe chini ya kile cha bia kwa sentilita hata kidogo. Haki ni kiwe juu, kwa kuwa hulewesha upesi zaidi. Iwekwe sakafu ya bei kwa kila gramu ya kilevi katika pombe za kukeneka, ili hata chupa ndogo kabisa iwe na bei inayolingana na kilicho ndani yake. Bia nyepesi ya pipa na pombe za asili zenye leseni ziachiwe nafuu yao, na nafuu hiyo isichezewe kila Hazina inapopungukiwa. Sehemu ya mapato iende kwenye matibabu ya uraibu katika hospitali za wilaya na kaunti, kwa sheria na siyo kwa ahadi. Wabunge wa Dodoma, Nairobi na Kampala watawekewa tena jedwali la ushuru mezani Juni ijayo. Nawaomba, kabla ya kupiga kura, wachukue kikokotoo na kugawanya kila kiwango kwa kilevi kilichomo. Wakikuta kwamba pombe kali bado inalipa kidogo kuliko bia kwa gramu ileile, waurudishe muswada kwa waziri.